Saa za Mama

Juzi niliona saa za plastiki zimemwagwa kwenye turubai huko Gakoromone, hasira ikanipanda pale pale sokoni.

Mama alikuwa na mkebe mzima wa saa kama hizo. Alizinunua moja moja kwa pesa ya mayai, na kila Jumapili alinipa mkebe huo ulionuka moshi nimchagulie ya kuvaa kanisani. Niliuweka sikioni kwanza, nikazisikia zote zikitembea.

Alasiri moja baba alirudi kutoka kazini Embu, akaufungua.

"Ni mwanamume gani anakununulia hizi?"

"Nimejinunulia mwenyewe, Baba Kendi."

Baba akachukua nyundo. Mimi nilidhani anataka kuzitengeneza, nikamkimbilia na kigoda akalie. Akazivunja zote, mtu ambaye hakuwahi kumnunulia mama hata leso! Mama akafagia vipande.

Sasa, juzi nilinunua nyekundu nikampelekea. Aliigeuzageuza, akatabasamu, kisha akatazama mlangoni. Baba tulimzika zamani, pale nyuma ya migomba.

"Kendi," akaninong'oneza, "nikiulizwa ni nani amenipea, niseme nini?"