Barua ya Mtani

Hajira binti Hemedy aliingia kazini mwaka 1974, mpiga taipu. Shirika letu la mbao na boriti lilikuwa na ofisi hapa Kibiti na ghala kule Salale, ndani ya mikoko. Mimi nilikuwa mhudumu: nafagia, nachemsha chai, nasikia yote. Shule yangu ni darasa la saba, lakini masikio yangu yalisoma zaidi.

Kutoka kwenye taipu Hajira akapanda masijala, kutoka masijala akawa karani wa utumishi, na hapo akakwama miaka kumi na moja. Kila baada ya muda waliletwa maofisa kutoka Dar es Salaam, wenye vyeti vyao, na yeye ndiye aliyewaonyesha faili lipi liko wapi. Wao walikalia kiti, kazi akaifanya Hajira. Nani likizo yake imepita, nani kafiwa apewe sanda na nauli, nani kaandikisha wake watatu na anao mmoja tu, yote alikuwa nayo kichwani. Watu walimpelekea hata ugomvi wa vitandani mwao, utadhani utumishi ni ukadhi. Jioni alivua viatu chini ya meza, akakaa tu.

Kilichomchangamsha ni utani. Yeye Mmatumbi, wafanyakazi wengi sisi Wandengereko, na tumetaniana tangu enzi za babu zetu. Mtani wake mkubwa alikuwa Mzee Mshamu, mlinzi wa ghala la Salale, mtu mzima wa kumzaa. Kwa utani huo Hajira hakuwahi kumwamkia shikamoo hata siku moja. Kila mwaka mzee akija Kibiti kujaza fomu ya likizo, Hajira alimkabidhi barua ya kufukuzwa kazi, kaipiga taipu mwenyewe, kwenye karatasi ya shirika, na muhuri juu: "Unaachishwa kazi kwa kosa la kumaliza wali kwenye arusi usiyoalikwa."

Ofisi nzima tulikuwa hoi kwa kicheko. Mimi nilimwambia, "Dada Hajira, muhuri hauchezewi."

"Mwanaamina, niache. Muhuri wenyewe umechoka kugonga shida za watu."

Haya. Mwaka 1993 tukaambiwa shirika linauzwa, mnunuzi hataki watu wengi. Zikaja barua za kupunguzwa kazi, thelathini na nane. Afisa wa wakati huo, Bwana Zaidi, alipoziona tu akapata safari ya Dar. Hajira akazigawa peke yake. Kila mtu asaini fomu kwamba kapokea, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Asiyesaini ataandikwa mtoro kazini, na mtoro hana pensheni.

Thelathini na saba wakasaini. Mmoja alimtukania mama yake, mwingine alilia akaomba maji. Hajira alisema "pole" mpaka neno likamkauka mdomoni. Barua ya Mshamu ilipelekwa Jumatatu kwa boti. Jumatano yakarudi majibu ya mdomo: "Mwambieni Mmatumbi mwaka huu kawahi. Msimu wa likizo bado."

Hajira akashika kichwa. "Mwanaamina, nimemuua yule mzee kwa mkono wangu."

Alhamisi tukaenda. Gari mpaka Nyamisati, halafu boti, tope mpaka magotini. Tukamkuta Mzee Mshamu mlangoni pa ghala, anashona mkeka.

"Ewe Mmatumbi! Njaa imekushusha huku? Wali haujaiva."

"Mshamu, ile barua ni ya kweli."

Akacheka, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Humo mlikuwa na barua nane, zimekunjwa vizuri, na ile mpya juu yake. Akazitandaza kwenye mkeka. Karatasi ile ile, muhuri ule ule.

"Hii ya tisa. Haya nionyeshe, ya kweli ipi?"

Nikaingilia. "Baba Mshamu, mimi Mndengereko mwenzio. Shirika limeuzwa. Kesho saa sita usiposaini, miaka yako ishirini na miwili imekwenda na maji."

"Na wewe kakununua kwa kikombe cha chai?"

Hajira alizitazama zile barua muda mrefu. Halafu akavua viatu, akapiga magoti pale pale kwenye tope, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Alimtazama Hajira, akaitazama barua ya juu. Mwisho akanyoosha dole gumba. Hajira akalipaka wino, akalibonyeza kwenye fomu.

Mwezi wa kumi na mbili ikatoka barua ya thelathini na tisa, ya Hajira mwenyewe. Aliipiga taipu kwa mkono wake, Bwana Zaidi akatia sahihi yake na kuiacha mezani. Ikakaa pale siku tatu, haifunguliwi. Hajira alifanya kazi kuizunguka, kama mtu anayefagia kando ya nyoka.

Siku ya nne Mzee Mshamu akaja kufuatilia pensheni yake. Ilikuwa imepitishwa. Nikamvuta jikoni nikamweleza. Akaenda mezani, akaichukua ile bahasha, akasimama mbele ya Hajira.

"Ewe Mmatumbi! Unafukuzwa kazi kwa sura mbaya na kuonea wazee. Saini hapa, rudi milimani ukalime mihogo."

Hajira alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, machozi yakamtoka humo humo. Akasaini.

"Ya kweli hii?" mzee akauliza, sauti ya chini.

"Ya kweli."

Mzee Mshamu akavua kofia yake.

"Basi marahaba, mwanangu. Siku ile sikukuitikia."