Vioo Viwili na Tundu Nililolinyamazia

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kwenye karakana moja ya madirisha huko Tyseley, Birmingham, nikiwa nimevaa tai. Meneja wa Upimaji, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alinitazama kuanzia kola hadi viatu, kisha akaniambia kwa Kiswahili safi kuwa tai ile ingenaswa na mashine kabla ya saa nne. Niliivua nikaitia mfukoni, na majivuno yangu nayo yakaingia humohumo.

Alinifundisha kazi kwa kiberiti cha gesi. Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyumba nyingi za Birmingham zilikuwa bado na kioo kimoja chembamba, na joto lote la hita liliishia barabarani. Sisi tulitengeneza dirisha la vioo viwili vilivyoachana kidogo, katikati tumejaza gesi ya agoni, ambayo haipitishi joto upesi kama hewa. Kioo cha ndani kilipakwa utando wa metali usioonekana kwa macho, wa kurudisha joto chumbani. Meneja aliwasha kiberiti mbele ya dirisha akaniambia nihesabu miali iliyoonekana kiooni. Niliona minne, maana vioo viwili vina nyuso nne, na mwali mmoja ulikuwa na rangi tofauti. Huo ndio uliotoka kwenye uso wenye utando, na ukikosekana mahali pake, kioo kimegeuzwa. Mzee yule alikagua rundo zima la madirisha hivyo bila kukosea, na mimi nilimstahi tangu siku hiyo.

Baadaye nilihamishiwa mtaa wa Ladywood, kwenye maghorofa, chini ya Ofisa Nyumba, mama wa Kiingereza asiyependa maneno mengi. Kazi ilikuwa kuwashawishi wapangaji wakubali kubadilishiwa madirisha. Alinikataza kuanza na habari za kioo. Alitaka nikae kwanza, niulize ni kiti gani hakikaliwi wakati wa baridi. Kila nyumba ilikuwa nacho, na nyuma yake palikuwa na dirisha bovu. Sijawahi kufundishwa swali zuri kuliko lile.

Ndipo nikapelekwa mtaa wa Hodge Hill, sasa mimi mwenyewe nikiwa Ofisa Uhamasishaji, cheo kirefu kuliko mshahara wake. Huko nilikutana na familia nyingi kutoka mashariki mwa Kongo. Mama Zawadi wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya, aliishi na watoto wake pamoja na mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Bibi. Bibi alikuwa na pumu. Niliwaambia kwamba kwa madirisha haya baridi haitaingia hata kidogo. Mama Zawadi alikubali, akawavuta na wenzake wa kanisani, na mimi nikajiona mjanja kweli.

Januari akaniita. Nilikuta vioo vinatiririka maji, ukuta wa chumba cha Bibi umeota ukungu mweusi, na Bibi mwenyewe ameketi kitandani akikohoa, hawezi kulala chali. Begi lake lilikuwa limefungwa tayari. Walitaka kumpeleka kwa mwanawe wa kiume, mji mwingine, na majirani walikuwa wameanza kufuta majina yao kwenye orodha yangu.

"Papa, weye ulisema baridi haitaingia," Mama Zawadi aliniambia. "Ile tobo ya juu tuliifunga na plastiki. Tulizani bafundi balisahau kuifunga."

Tundu lile halikusahauliwa. Juu ya fremu huwekwa mwanya mwembamba wenye kifuniko, wa kutolea unyevu. Nyumba za zamani zilipumua zenyewe kupitia nyufa. Dirisha jipya linaziba kila kitu, kwa hiyo mwanya ni lazima. Mvuke wa maharage yanayochemka nusu siku, wa nguo zinazoanikwa juu ya hita, na wa pumzi za watu sita ulikosa pa kutokea. Nililijua hilo fika. Sikulisema kwa sababu niliona aibu kutaja tundu kwenye dirisha ninalolisifia kwamba halipitishi baridi.

Nilikwenda Tyseley nikiwa na maelezo marefu ya jinsi watu walivyokosea. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usiniambie hawakuelewa," alisema. "Ulisema ama hukusema?"

Nikakiri sikusema.

"Basi twende. Na wewe ndio utaongea."

Jumamosi alivaa glavu, akasugua ukungu ule kwa mikono yake, akabandua plastiki dirisha moja baada ya jingine, kisha akakaa na Bibi wakizungumza kama watu wa kijiji kimoja. Meneja mzima! Mimi nilishika ndoo.

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji wa kanisa lao alinipa dakika chache. Nilisema kosa si la madirisha wala la waliofunga matundu, ni langu niliyenyamaza. Bibi akanijibu kutoka benchi la mbele.

"Ungetuambia mbele, siku ile ya kwanza, tungeiacha wazi." Kisha akamgeukia binti yake. "Miye siende kwa ndugu yako. Nabakia na madirisha yangu."

Orodha ilirudi polepole, si yote. Tangu hapo Mama Zawadi alifuatana nami nyumba kwa nyumba, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshawaonyesha wenyeji tundu. Mimi ndiye niliyelipwa, lakini mhamasishaji alikuwa yeye.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kazi hii huniuliza siri yake. Nawaambia warudi Januari kwenye kila nyumba waliyoisifia Julai, hata kama hawakuitwa. Bibi aliishi miaka mingi katika nyumba ile, na alipoondoka kilichomchukua ni uzee, si kifua. Siku ya msiba sebule ilijaa watu mpaka vioo vikaanza kufunikwa na mvuke wa pumzi zetu. Mama Zawadi, macho yamemvimba kwa kulia, alinyanyuka katikati ya wimbo, akafungua tundu lililokuwa limefungwa juu ya dirisha, akarudi kuketi na kuendelea kuimba. Hapo ndipo machozi yaliponitoka.