Sketi ya games iliyorudi kwangu ikiwa mpya, na vile nilimkataza binti yangu kuruka

Wakuu sasa. Hata nyinyi mnaosoma kimyakimya mkipita, karibuni mketi.

Haya hakuna aliyenihadithia. Ni yangu, na sehemu kubwa inaniaibisha, kwa hivyo sina sababu ya kutia chumvi.

Mimi ni fundi wa cherehani huku Kiamunyi, nashona uniform za shule. Nina miaka arobaini na sita na mtoto mmoja, Shiru, wa miaka kumi na mbili. Nilimpata nikiwa nimeshakata tamaa, kwa hivyo mtanivumilia nikionekana kama kuku mwenye yai moja.

Shiru akiwa na miaka tisa alianguka kutoka kwa bembea ya shule akavunjika mkono wa kushoto. Alikaa na plasta wiki sita, akapona vizuri. Aliyekataa kupona ni mimi.

Hospitali walikuwa wamesema apumzike games term moja. Nikaandika barua shuleni. Term iliyofuata nikaandika nyingine.

Kwa karibu miaka mitatu, kila shule ikifunguliwa, nilikuwa naandika barua ileile: naomba Shiru asishiriki games wala PE kwa sababu ya mkono. Mkono wenyewe ulikuwa unabeba sufuria na kubonyeza simu bila shida yoyote.

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Gari ya shule inamshusha kwa geti, anaingia, geti inafungwa. Watoto wa majirani hapo kwa ploti wakimwita, nasema ana homework. Maziwa hapendi, nikasema basi, akunywe chai ya rangi, na soda wikendi. Nilijiona mama mwangalifu kuliko wote hapa mtaani.

Wacha nitoke njiani kidogo.

Mimi nimezaliwa Molo. Walio na watu huko wanajua ile baridi ya asubuhi, nyasi ikiwa nyeupe kwa barafu na sisi tunaikanyaga tukikimbia shule. Maziwa tulikunywa ng'ombe akikamuliwa, kabla hayajaenda dairy. Jioni ni kuteka maji na kuokota viazi. Hatukuita mazoezi, tuliita kazi, na tulikuwa tunaichukia.

Lakini kukiwa bado na jua kidogo, kulikuwa na blada.

Kwa wale waliozaliwa majuzi: unatafuta tiubu kuukuu ya baiskeli, unaikata vipande vyembamba, unafunga kimoja kwa kingine mpaka upate kamba ndefu inayovutika. Wasichana wawili wanasimama wakiwa wameizungusha miguuni, wa tatu anaruka katikati. Inaanza kwa vifundo, inapanda magoti, kiuno, kwapa, shingo, mpaka kichwa.

Mimi nilikuwa naruka kichwa. Msicheke. Naikumbuka hiyo hewa mpaka leo, na vumbi nikitua, na wenzangu wakihesabu kwa pamoja. Natamani ile furaha hata kwa dakika tano.

Nikiwa class seven, kifua kimeanza kuonekana, mama yangu alikuja uwanjani akasema msichana mkubwa haruki-ruki mbele ya watu. Alichukua ile blada akafungia gunia la viazi kwa baiskeli ya baba. Gunia likaenda sokoni na blada yangu. Sikuruka tena. Baadaye nilijifunza ushonaji, na ushonaji ni kazi ya kuketi.

Turudi kwa Shiru.

Mwaka jana aliinuka kutoka kwa kiti cha sitting room kufuata chaja. Mguu ukanasa kwa carpet, akaanguka, akajishika na mkono wa kulia. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo sana. Mkono ukavunjika hapo karibu na kiganja.

Nilichanganyikiwa, wakuu. Nilikuwa nimemtoa uwanjani, nimemtoa kwa bembea, nimemtoa kwa ploti, na sasa amevunjikia kwa carpet niliyonunua mwenyewe.

Daktari alikuwa dada wa umri mdogo, mpole. Aliuliza mtoto anakula nini, anacheza nini, jua analiona saa ngapi. Nikajibu kwa fahari kwamba mimi simruhusu kuruka.

Akaweka kalamu chini. "Mama Shiru, kwa nini haruki?"

"Si ndio asivunjike."

"Sasa hiyo kutoruka ndiyo inamfanya avunjike haraka."

Akanieleza polepole. Mfupa ni kitu hai. Mtoto akiruka na kukimbia, mfupa unasikia ule uzito na unajikaza. Usipotumika, mwili unaona hauna haja ya kuujenga. Na miaka hii ya Shiru, karibu na kubalehe, ndiyo msichana anaweka akiba kubwa ya mifupa, halafu anaila polepole mpaka uzeeni.

Akataja maziwa, samaki wadogo kama omena, mboga za kijani na jua. Alisema pia si kila mfupa unaovunjika ni makosa ya mama, kuna mambo ya kurithi na kuna magonjwa, ndiyo maana akatuma damu ipimwe. Ilirudi ikionyesha vitamin D iko chini. Hakukuwa na ugonjwa mwingine.

Kisha akanigeukia mimi na kuuliza habari za hedhi. Nikamwambia hiyo ndiyo peke yake inaruka kwetu nyumbani, mwezi mmoja iko, miwili haiko.

Alicheka, lakini akaniandikia kipimo cha mifupa. Yangu imeanza kupungua. Si mbaya bado. Alisema homoni zikienda hedhi ikikaribia kukoma, mifupa ya mwanamke inapungua kwa kasi, na mtu wa kuketi kutwa kama mimi lazima atembee, apande ngazi, abebe vitu.

Nilitoka hapo nimenuna. Msichana wa juzi kunifundisha kulea.

Wiki chache baadaye Shiru aliniletea sketi yake ya games niirefushe, amekua.

Sasa, sketi za games nazijua. Wazazi wananiletea kutoka shule tatu. Lastiki ya kiuno imelegea, pindo limefumuka, na kuna ile rangi ya nyasi ambayo haitoki. Nikishika sketi naweza kukwambia mwenyewe anacheza netball au anakaa golini tu.

Ya Shiru nilikuwa nimeishona karibu miaka miwili nyuma, kwa sababu iko kwa list ya uniform. Lastiki ilikuwa imekaza. Mikunjo ya pasi yangu ilikuwa bado iko. Nilipofumua pindo nikakuta pini, ile niliyokuwa nimesahau wakati wa kushona.

Mtoto anayekimbia angechomwa na hiyo pini siku ya kwanza.

Nikamuuliza, wakati wa games, wewe huwa unafanya nini?

"Huwa nashikilia masweta."

"Ya nani?"

"Ya wenye wanacheza. Wananipea zote, nakaa nazo hapo kwa stairs."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayekutajia kazi yake. Nikamwambia akaniletee uzi mweupe dukani, ingawa uzi ulikuwepo, nikabaki nalia juu ya cherehani.

Plasta ilitoka, daktari akamruhusu kucheza, na shule zilipofungwa tukaenda Molo kwa mama yangu. Ana miaka sabini na nne na bado anachimba viazi vyake mwenyewe. Nilibeba lastiki nyeusi kutoka dukani, mita kadhaa.

Nilimsimulia yote jikoni. Akaniuliza kwa ukali ni nani alinifundisha kwamba msichana haruki.

"Si ni wewe, mum."

Akaendelea kumenya viazi kwa muda.

"Niliogopa maneno ya watu," alisema. "Lakini kabla nikukataze, nilikuwa nasimama nyuma ya stoo nakuangalia. Hata mimi nilikuwa nataka kuruka."

Sikujua. Miaka yote hiyo sikujua, na nilishindwa kumwangalia.

Akaosha mikono, akatoka nje, akazungusha lastiki kwa gumboots zake. Mimi nikasimama upande wa pili. Shiru akaingia katikati na ile sketi yake.

Ya kwanza akaruka. Ya pili akaruka. Ya tatu mguu ukanasa akaanguka, na akajishika na mkono wa kulia.

Nilitaka kukimbia. Mama yangu aliniambia neno moja tu, "Wacha." Tukasubiri.

Shiru aliketi kwenye nyasi. Akakunja vidole, akavikunjua, akazungusha kiganja. Akapangusia udongo kwa sketi.

"Pandisheni kwa magoti," akasema.

Tukapandisha.

Mimi pia niliruka siku hiyo, ya vifundo tu, sitawadanganya. Nilitua vibaya nikacheka mpaka nikakosa pumzi, na mama yangu alishikilia upande wake mpaka nikamaliza.

Shule ilipofunguliwa nilienda mwenyewe kwa mwalimu wa games kumwambia hakuna barua tena. Shiru yuko netball, si mzuri sana, na maziwa anakunywa akikunja uso. Mimi natembea kwenda kwa duka langu la kushonea asubuhi na kurudi jioni, na kipimo changu kinarudiwa mwaka ujao. Naogopa kidogo, lakini naenda.

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa nalinda mifupa ya mtoto kwa kuinyima kitu chenye kinaijenga, na nilirithi woga huo bila kuuliza ulitoka wapi. Kama wako amevunjika, fuata daktari wako, usifuate uzi wa fundi wa Kiamunyi.

Wadada, nyinyi mlinyang'anywa blada mkiwa class gani? Na nyote mlio na wasichana, leo wakirudi kutoka shule waulizeni wakati wa games huwa wanafanya nini. Msiwasaidie kujibu. Halafu rudini mniandikie hapa walichosema.