Nanyama na Bwawa la Juu ya Matulo

“Mama Joan, kwani wewe mvua ikigonga bati lazima uvae gambuti?” Nyaruai, jirani ya Nanyama katika mtaa wa Matisi mjini Kitale, alimuuliza hivyo siku moja akicheka. “Na uko ndani ya nyumba yako, bana.”

Nanyama alitabasamu tu. Angeanzia wapi? Hapa Kitale hakuna aliyejua, na kule Matulo, kijiji alikoolewa, waliojua walinyamaza.

Alikuwa bibi arusi mpya huko wakati bwawa la shamba la juu lilipopasuka. Ilikuwa siku ya soko, wanaume hawapo. Akiwa anafua mtoni aliona maji yamegeuka tope na yanabeba mlango mzima wa zizi, na mvua haijanyesha. Aliacha nguo hapo hapo, akapanda akigonga sufuria mlango kwa mlango, “Tokeni, bwawa limekuja.” Watoto wa nasari akawasukuma mbele yake mpaka kilimani. Kutazama watu, baba mkwe wake, Mzee Wakoli, hayupo. Alikuwa kitandani, mguu umevunjika.

Sasa, kwa Wabukusu mkaza mwana hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi. Chumba chake haingii. Nanyama alimwomba Mungu amsamehe, akaingia, akamfunga mzee mgongoni kwa leso kama mtoto.

“Niweke chini,” mzee alisema, akimpiga ngumi mabegani. “Wewe msichana, niache nife na heshima yangu.”

Maji yalikuwa kiunoni. Kwa zile ngumi nusura wazame wote wawili. Alipomtua juu, kijiji kizima kilikuwa kinatazama.

Wazee walichinja kondoo kuondoa aibu ile. Siku ya ibada ya shukrani, waliookoa watu waliitwa mbele wakapigiwa makofi. Nanyama alibaki nyuma na akina mama. Kumtaja yeye kungekuwa kumvua mzee nguo mbele ya kanisa, kwa hivyo hakutajwa, na waliozaliwa baadaye hawakuambiwa. Hakulalamika. Mungu aliona.

Lakini mwaka huu bwawa limejengwa tena, na mvua zimelijaza. Juzi simu ikatoka Matulo: ukuta umeanza kuvuja. Eliakim, mumewe Nanyama, akambembeleza babake aje Kitale.

“Nilale chini ya paa la mkaza mwana wangu?” mzee akasema. “Ati mimi? Heri hayo maji.”

Usiku huo, kila Nanyama akifunga macho kuomba, anaona ule mlango wa zizi ukielea. Asubuhi alifunga nguo zake, akaenda Matulo.

Alisimama nje ya mlango wa mzee, uso ameugeuzia upande, jinsi inavyotakiwa. Huko juu mawingu yalikuwa meusi.

“Umefuata nini?” mzee akauliza kutoka ndani.

“Nitakaa hapo kwa Nakhungu jirani, Baba, mpaka mvua ziishe.”

“Na watoto?”

“Wako na baba yao.”

Mzee akakohoa. “Wewe hukosi ukaidi.”

“Ni kweli, Baba.”

“Na mimi sihami.”

“Nimesikia.” Tone la kwanza likamwangukia mkononi. Akalipangusa kwa leso, akasogea karibu kidogo na mlango, sauti chini ili majirani wasisikie.

“Baba, sikulazimishi kuhama. Naomba tu, wakisema bwawa limekuja, uniruhusu niingie. Na nikikubeba, unishike shingo, usinipige.”