Ndege Mbili na Kivuko Kimoja

Katika familia yetu mimi ndiye mpangaji wa safari. Cheo hicho sikupewa na mtu. Nilijitwalia, na tangu hapo sipokei ushauri. Kwa hiyo mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Addis Ababa, alipopiga simu kusema atafanyiwa upasuaji wa uzazi Ijumaa asubuhi, na kwamba anamtaka mama awe pembeni yake kabla hajaingizwa chumbani, nilijipiga kifua. "Hilo niachie mimi," nikamwambia.

Mama anaishi Ukerewe. Kutoka kisiwani hadi mji ule wa milimani hakuna njia ya mkato: kivuko cha asubuhi hadi Mwanza, ndege ya alasiri hadi Dar es Salaam, kisha ndege ya usiku. Nilitaka aondoke Jumatano ili tuwe na nafasi ya kupumua. Akakataa. Furu wake, samaki wadogo wa ziwani aliowaanika, walikuwa hawajakauka, na kwake yeye mzazi halishwi samaki wa ugenini. Basi tukabaki na Alhamisi, bila siku ya akiba.

Nilimweleza kwenye simu, taratibu, kwamba akiikosa ndege ya kwanza, na ya pili ameikosa.

"Hata ukituma mtu?" akauliza.

Nilimwelewa. Kisiwani, ukichelewa kivuko, unamtanguliza mtu aseme fulani yuko njiani, nao watu wa kivuko wanavuta muda kidogo. Ndivyo tulivyokua.

"Binamu yako yupo Buswelu," akaendelea. "Si mbali na uwanja. Anaweza kwenda kuongea na rubani."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka, na jioni binamu alinipigia kuuliza rubani anapatikana mlango gani.

Alhamisi asubuhi nikampigia mama nikitegemea kusikia injini. Nikasikia watu wanagombana.

"Mama, mbona hamjaondoka?"

"Tunamsubiri mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Lakini anakuja, namwona kule barabarani."

"Na hizo kelele?"

"Wanataka nisogee. Nimesimama kwenye lango, hawawezi kulifunga." Kisha akakata simu, maana alikuwa na kazi.

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Niliazima gari la rafiki, nikaenda bandarini hapa Mwanza ninakoishi, nikakaa huko nikitunga maneno makali yenye adabu, ya kumfaa mama mzazi. Kivuko kilipotokea, nilipiga hesabu: tukiondoka moja kwa moja kwenda uwanjani, tunaiwahi.

Mama alishuka wa kwanza. Mfuko wa furu ulikuwa umebebwa na mtu mwingine, kwa sababu mikono ya mama ilikuwa imemshika binti mmoja mjamzito, mwenye jasho hadi shingoni. Binti huyo alikuwa anakwenda kwa shangazi yake Mkolani kungojea siku zake, na uchungu ukamkuta katikati ya ziwa. Ndiye aliyekuwa akija polepole barabarani.

"Shikamoo mama, ndege yetu..."

"Marahaba. Fungua mlango."

Tuliingia garini. Uwanja wa ndege ulikuwa upande mmoja, hospitali upande mwingine. Nikapendekeza tumtafutie bajaji.

"Bajaji itamshika mkono?" mama akauliza.

"Na mwanao je? Naye anakusubiri."

Hapo nikamwona kwenye kioo akifuta machozi kwa ncha ya khanga, mkono wa pili ukiwa bado umemshika yule binti. "Mwanangu ana daktari aliyempangia siku," akasema. "Ana mume nje ya mlango. Huyu ana nani? Endesha, baba."

Nikaelekea hospitali. Alasiri ile tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, mama akiwa na mtoto wa kike wa mtu asiyemjua mapajani, ndege yetu ilipopita juu. Mimi niliinua kichwa. Mama hakuinua. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya kesho yake, na ingemfikisha baada ya upasuaji.

Aliyepaswa kumpigia mdogo wangu ni mimi, mpangaji. Alilia. "Nilimtaka kabla sijaingia," alisema. "Naogopa, kaka." Nikafanya ninachokiweza, nikalaumu. Nikamsimulia yote: lango, makelele, kwamba hata jina la yule binti mama alikuwa halijui, na jinsi alivyoniacha nimeshika tiketi zangu mkononi.

Akaacha kulia, akacheka kidogo.

"Kaka," akasema, "unafikiri nilimtaka kwa nini?"