Siku Niliyomtukana Mtani Wangu

Mafunzo yetu ya upolisi yalikuwa ya shahada, nusu ya mwaka darasani na nusu kazini, na kazini kila mmoja wetu alikuwa na mkufunzi aliyetembea na daftari la alama. Wangu alikuwa inspekta kutoka kusini mwa nchi, mkimya, mtu wa haki, ila Kiswahili hakukijua, Kireno tu. Akanipanga naye kwenye kizuizi cha barabara, kati ya Palma na Quitunda, nikague vitambulisho na kumtafsiria. Viatu vilinibana vibaya, na bado nilitembea kwa maringo.

Asubuhi hiyo kulikuwa na habari mbaya kutoka upande wa Awasse. Askari wa jeshi walikuwa wamesimamisha gari lao hatua chache kutoka kwetu, na amri ilikuwa fupi: yeyote anayejitaja kuwa mwenzao waasi, wale tunaowaita watu wa msituni, akabidhiwe kwa askari hao. Mtu akishapandishwa gari lile, nyumbani kwake walikaa wiki nzima bila kujua aliko.

Kwenye foleni akaja mzee muuza mihogo wa Quitunda. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Ana ruhusa ya kunitukana popote, nami sina ruhusa ya kukasirika. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyelala kizingitini akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo. Mama yangu, aliyekuwa analia tangu alfajiri, akacheka.

"Bilhete, mzee," nikasema kwa sauti ya kazi. Nilikuwa naomba kitambulisho chake kama nilivyoomba cha wengine wote.

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, na nikaona macho yake yanaanza kucheka. Nikamwomba Mungu amfunge mdomo.

"Bilhete ya nini?" akapaza sauti, foleni nzima isikie. "Mimi ndo nkubwa wao wa msituni! Nimekuja kunchukua huyu nke wangu, kanikimbia kaenda kuvaa nguo za polisi."

Hakuna aliyecheka. Mkufunzi wangu akageuka. "Msituni" ndilo neno la kwanza la Kiswahili wanalolijua wote wanaoletwa kutoka kusini.

"Amesema nini?" akaniuliza kwa Kireno.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: anasema ametoka msituni kukata miti ya kujengea. Lakini kwenye foleni walikuwamo wanaojua Kireno, na isitoshe nilikuwa na hasira na mzee yule, na mdomo wake usiojua siku ya kunyamaza. Nikatafsiri neno kwa neno. Ndipo woga ukanishika, nikaanza kueleza haraka haraka: utani, jeneza, jogoo. Askari mmoja alikuwa ameshamshika mzee mkono. Kwenye mkono mwingine alikuwa ameinua bilhete. Alikuwa nayo muda wote.

Mkufunzi akasikiliza hadi mwisho.

"Kama ni mchezo," akasema, "mjibu. Nione."

Darasani tulifundishwa kutomtukana raia, na kutomgusa ila kwa upekuzi. Nikamvua mzee kofia yake, nikaivaa juu ya ile yangu ya polisi.

"Nani akupe wewe bunduki, maiti uliyekosa kaburi?" nikamwambia. "Hata kuku wako wanakukimbia! Siku ukifa mimi ndo ntalala mlangoni. Hutoki mpaka nduguzo wanipe mbuzi."

 Mzee alikuwa anautazama mkono wa askari. Akinyamaza, anaondoka na gari lile, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka. Jibu, nikasema moyoni, mzee wangu, jibu chochote.

"Mbuzi hupati," akasema mwishowe, sauti nyembamba. "Watakupa mavi yake."

Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akaangua kicheko, na foleni nzima ikamfuata. Mkufunzi hakucheka. Akamwashiria askari amwachie, akaisoma bilhete pande zote mbili, akairudisha. Jioni aliandika kwenye daftari kwamba natafsiri kwa uaminifu. Zilikuwa alama zangu bora mwaka ule, na nilizifurahia, sitaficha.

Mzee aliendelea kupita pale. Kofia mkononi, bilhete ameitoa tangu mbali. "Bom dia, senhora agente," alinisalimia kwa Kireno, kama mgeni. Nilimwita maiti, nikamwita mume wangu mzembe, naye akaniitikia "sim, senhora", ndiyo bibi, huku ameinamisha macho. Iliniudhi mno. Si nimemwokoa?

Mwaka niliohitimu, mama akafariki. Nilikaa ndani na wanawake wenzangu, macho yangu mlangoni. Mzee alifika mapema, kanzu safi, na nilipoona miguu yake kizingitini nilifuta machozi, nikashika furushi la kanga nilimomfunga jogoo wa kumpa. Wakanyanyua jeneza. Akavua kofia, akasogea pembeni, likapita.