Magongo Yangu Yalipoigiza

Kila Pasaka, kanisani kwetu kule Nyololo, mkoani Iringa, kulikuwa na igizo, na kila mwaka igizo lilikuwa na kiwete anayeponywa. Kiwete wa kweli pale kanisani nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa darasa la sita, mguu wa kushoto umepooza tangu utotoni, natembea kwa magongo aliyonichongea seremala jirani yetu. Mwaka huo nikajipa moyo, nikamwomba mwalimu wa kwaya anipe ile nafasi. Maneno yote nilikuwa nayo kichwani.

Akaniangalia kwa huruma kweli.

"Sasa binti, mwishoni utainukaje?"

Akapewa rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, mzima wa miguu yote miwili. Na kwa kuwa kiwete lazima awe na magongo, wakaja kuazima yangu. Mama ndiye aliyewapa. Alisema ni heshima kwetu.

Basi nikakaa benchi la mbele, sina pa kwenda. Rafiki yangu alichechemea vizuri, tena kunishinda mwenyewe. Neno likasemwa, akainuka, akayatupa magongo huko. Moja likagonga ngazi ya altare, mpira wa chini ukachomoka. Kanisa zima vigelegele. Nikageuka, nikamwona mama amesimama, anapiga makofi huku machozi yanamtoka. Sijamwona tena akilia kwa furaha namna ile. Najua niliumia, lakini leo nikiyatafuta yale maumivu siyapati. Ganzi tu.

Sasa hivi nakaa Ilomba, Mbeya, nauza madaftari na vitabu. Kitabu kikiwa na mlemavu ndani, naanzia ukurasa wa mwisho. Kama hajapona, amekufa, au imegundulika alilogwa. Nakirudisha kwenye rafu, naendelea na wateja. Hata kukasirika nimechoka.

Mwaka huu nikaandika hadithi ya kwangu. Dada wa magongo anauza mchele wa Madibira sokoni, anagombana na wapangaji wenzake kuhusu zamu ya kufagia uwanja, anaolewa na mwanaume mbishi. Jumapili moja baada ya ibada nikampigia mama simu, nikamsomea yote. Nisifiche, nilitaka aipende yeye, wengine baadaye. Pale kwenye wapangaji alicheka mpaka akakohoa.

Nilipomaliza, akawa bado anasubiri.

"Ehe?"

"Ndo mwisho, mama. Anafunga meza yake, anachukua magongo, anarudi nyumbani kwa mumewe."

"Hajainuka?"

"Hajainuka."

Nilisikia kuku wake wanadonoa pale mlangoni.

"Basi haijaisha hiyo, mwanangu," akasema kwa upole. "Siku ukiimalizia, unisomee."